Shajara ya mwashi: kutoka Pevensey hadi mnara wa Rochester

Jumamosi, Rochester, Uingereza

Nilifika usiku wa manane, kwa hiyo safari naihesabu kuanzia leo. Mpwa wangu na mkewe wanakaa mwinukoni, kusini ya mji, na dirisha la chumba walichonipa linatazama bonde la mto Medway. Nilipovuta pazia, kilichonipokea si mto. Ni jengo la mraba, refu kupita kila paa jirani, lenyewe halina paa, rangi ya majivu, na madirisha yake matupu kama macho ya ng'onda.

Nimeshika mwiko tangu nina miaka kumi na sita. Kazi zangu ni za Tanga na vijiji vyake: nyumba za matofali, misikiti, matangi ya maji, na mara chache kukarabati nyumba za kale za mawe na chokaa kule Pangani. Jicho likishazoea kazi halipumziki hata likiwa likizo. Kabla sijapiga mswaki nilikuwa nimeshaona jambo: pembe tatu za lile jengo zina kona kali, ya nne ni ya duara. Hakuna fundi anayeanza kazi hivyo. Pale palibomoka, akaja mtu mwingine na mawazo mengine.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema nyuma yangu. Ana miaka kumi na miwili, na wamefunga shule wiki moja.

"Marahaba. Lile jengo la nani?"

"La mfalme. Yaani, la askofu mkuu." Akafikiri. "Ardhi ilikuwa ya askofu mwingine. Babu, ni hadithi ndefu."

Baba yake akadakia kwamba hadithi yenyewe haianzii hapa bali pwani ya kusini, walikotia nanga Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa walioivamia Uingereza mwaka 1066. Kesho ana siku mbili za mapumziko, gari lina mafuta, twende. Nikatoa timazi yangu kwenye begi nikaiweka mfuko wa koti. Walinzi wa uwanja wa ndege waliigeuzageuza sana ile risasi ya shaba na uzi wake, nikawaambia ni chombo cha kujua kama ukuta unasema kweli.

Jumapili, Pevensey

Mwendo wa saa moja na nusu hivi, mashamba kulia na kushoto, kondoo wengi. Pevensey ni kijiji kidogo mno kwa jina lake. Bahari imerudi nyuma, imeacha uwanda wa majani na mifereji. Lakini tarehe 28 Septemba 1066, Duke William wa Normandy alipofika na majahazi yake, maji yalikuwa yanapiga karibu kabisa na kuta hizi.

Na kuta zilikuwepo. Hili ndilo lililonishika. Nilidhani nakuja kuona ngome ya Wanormani, nikakuta ngome ya Warumi, imejengwa miaka ya 290, yaani ilikuwa na zaidi ya miaka 700 William alipoikuta. Ni uzio mkubwa wenye umbo la yai, kuta zenye kimo cha mita nane hivi mahali pengi, minara iliyotokeza nje kama matumbo. Mawe madogo katikati, chokaa ya kutosha, na kila baada ya mistari kadhaa kuna mkanda wa vigae vyekundu kushikanisha kazi. Chini ya msingi waliweka magogo. Nililaza kiganja ukutani, nikakwaruza kwa ukucha: chokaa haikutoa hata unga. Sisi tunamwaga zege leo, miaka thelathini nondo zimeshaota kutu.

Basi mvamizi kafika nchi ya watu, hajui nani yuko nyuma ya vichaka, ana farasi waliochafukwa na bahari. Hajengi. Anaingia kwenye gofu la mtu mwingine, anachimba handaki kukata kipande cha ndani, anasimamisha uzio wa mbao, usiku umeingia. Mtu aliyewahi kupewa eneo la kazi lisilo na ghala anajua: siku ya kwanza unatafuta mahali pa kulaza saruji, si mahali pazuri.

Baada ya ushindi William alimpa mahali hapa Robert, Count wa Mortain, ndugu yake kwa mama. Mnara wa mawe na ukuta wa ndani wenye minara ya kupinda vilikuja baadaye sana, polepole. Mjukuu alinionyesha kitu kingine: vibanda vya bunduki vya mwaka 1940, vimefichwa ndani ya magofu, vimepakwa mawe mawe ili Mjerumani akiruka juu adhani ni uchakavu tu. Pengo la miaka karibu 900 na wazo ni lile lile la William, ingia kwenye ukuta wa marehemu.

Tulilala Hastings, nyumba ya wageni ambayo sitaitaja. Maji ya moto yaliahidiwa.

Jumatatu, Hastings

Kutoka Pevensey jeshi lilihamia hapa baada ya muda mfupi, na hapa ndipo walipojenga jambo lao wenyewe. Tulipanda kilima cha magharibi kwa miguu, magoti yangu yakilalamika kwa Kidigo. Juu kuna mabaki ya mawe, vipande vya ukuta na matao ya kanisa, na upande wa bahari hakuna kitu: jabali lenyewe lilimeguka likaondoka na sehemu ya ngome. Upepo ulikuwa mkali. Nilitazama kidogo nikaridhika, kwa sababu ninachokitafuta hapa hakimo kwenye mawe.

Kimo kwenye kitambaa. Kuna kitambaa cha kitani kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu, urefu wake karibu mita 70, kinachohifadhiwa Bayeux, Ufaransa, kinasimulia vita vyote vya 1066 kwa picha. Mjukuu alikuwa na picha yake kwenye simu. Akanionyesha kipande cha Hastings: maneno ya Kilatini juu, yanasema kwamba fulani aliamuru ichimbwe ngome. Angalia kitenzi hicho. Hakusema ijengwe. Ichimbwe.

Picha yenyewe ni eneo la kazi, wallahi. Upande mmoja mtu mkubwa amesimama na bendera, anaelekeza. Mbele yake vibarua wana mabeleshi na sululu, wanatupa udongo juu, na kilima kinaota katikati kikiwa na tabaka tabaka za rangi mbalimbali, kama keki. Na vibarua wawili wameacha kazi, wanapigana mabeleshi kichwani. Nilicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akageuka. Aliyetarizi alipata kukaa karibu na watu wa ujenzi, hilo halibishaniwi.

Nikamweleza mjukuu ninavyoiona mimi. Unachimba handaki la duara. Udongo unaotoka huna haja ya kuubeba mbali, unautupa katikati, na kwa hiyo kila beleshi moja linafanya kazi mbili: shimo linaenda chini, kilima kinapanda. Unaushindilia tabaka kwa tabaka, udongo, kokoto, udongo, usije ukaporomoka mvua ikinyesha. Juu unaweka uzio wa magogo na mnara wa mbao. Chini, pembeni, unazungushia ua mwingine mkubwa wa farasi, majiko, na watu. Huhitaji mwashi hata mmoja. Unahitaji wakulima wa jirani na mtu wa kuwasimamia na upanga.

"Kwa nini wasijenge mawe moja kwa moja?"

Swali zuri, na jibu lake si umaskini. Kifusi kibichi hakibebi ukuta. Ukipandisha jiwe juu ya kilima cha wiki tatu, kinazama upande mmoja na ukuta unafunguka kama papai. Lazima udongo ukae, miaka ipite, mvua iushushe wenyewe. Tena jiwe lina machimbo yake, chokaa ina tanuri lake na kuni zake, na baridi ikiingia huwezi kutia chokaa, itaganda kabla haijashika. Mbao hazingoji msimu. Mshairi mmoja wa kisiwa cha Jersey, Wace, aliyeandika karne moja baadaye, anadai Wanormani walivuka na mbao zilizokatwa na kutobolewa tayari, vigingi vyake ndani ya mapipa, wakaunga ngome siku ile ile. Labda anatia chumvi, ila mtu aliyemsimulia alijua seremala anafanyaje kazi.

Tarehe 14 Oktoba walipigana, Mfalme Harold wa Uingereza akauawa, William akawa mwenye nchi. Tulipita mji mdogo wa Battle wakati wa kurudi, kuna abasia, yaani nyumba ya watawa, palepale alipoanguka Harold. Sikushuka, mguu ulikuwa umevimba.

Jumanne, nyumbani

Mvua kutwa. Mpwa kazini, mguu kwenye stuli, mjukuu na kompyuta yake mezani. Tulifanya hesabu.

Rochester ni nini hata ikahitaji ngome? Nilitazama ramani nikaona bila kuambiwa. Barabara ya Warumi kutoka Dover na Canterbury kwenda London inafika mto Medway na kuvuka hapa hapa, darajani. Warumi walikuwa na mji wenye ukuta. Anayeshika daraja anashika njia ya London. Wanormani wakachukua pembe ya kusini magharibi ya ule ukuta wa Warumi, jirani kabisa na mto, wakachimba handaki, wakaweka mbao. Pevensey tena. Ukuta wa marehemu.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kumbukumbu ya kwanza ya ngome hii ni hesabu ya fidia. Mwaka 1086 William aliandikisha nchi nzima, nani ana nini na kina thamani gani, na kwenye kitabu hicho cha Domesday, chini ya kijiji cha Aylesford, imeandikwa kwamba Askofu wa Rochester amepewa ardhi ya thamani ya shilingi 17 na peni 4 kubadilishana na ardhi ilipokaa ngome. Basi. Hakuna kimo, hakuna sifa. Askofu alikuwa na kiwanja, wakamchukulia, akafidiwa. Kitabu hicho hicho kinasema Lincoln nyumba 166 zilivunjwa kupisha ngome, na wenye nyumba hizo fidia yao siioni imetajwa. Anayejua kuandika barua hulipwa kwanza, hata kwetu ni hivyo.

Mchana mjukuu akanisomea habari za Odo, nikasahau mguu. Odo alikuwa Askofu wa Bayeux na Earl wa Kent, naye pia ndugu ya William kwa mama mmoja. William alipofariki Septemba 1087, nchi ikagawanywa: mwana mkubwa, Robert, akapata Normandy, na aliyemfuata kati ya waliosalia wakubwa, William Rufus, akapata Uingereza. Odo akamtaka Robert atawale kote. Mwaka 1088 akaasi, akaifanya Rochester kituo chake.

Rufus akaja na jeshi. Odo mwenyewe alikuwa amejifungia Pevensey pamoja na kaka yake wa Mortain, wakazingirwa wiki sita, chakula kikaisha, wakasalimu amri. Masharti yakawa Odo apelekwe Rochester awaamuru watu wake wafungue lango. Wakampeleka na walinzi wachache. Watu wa ndani walipomwona langoni walitoka mbio, wakamkamata yeye na walinzi wake, wakamwingiza ndani, vita vikaendelea! Mjukuu alisoma kipande hicho mara mbili. Rufus akauzingira mji upya, joto na magonjwa yakawashinda waliomo, wakatoka. Odo akafukuzwa nchini, hakurudi tena.

Kwa hiyo njia tuliyokuja nayo jana, Pevensey mpaka hapa, ndiyo aliyopitishwa Odo akiwa mateka. Yeye hakusimama kununua chipsi.

Jumatano, ukutani na kanisani

Jua. Mguu umekubali. Tulishuka mjini taratibu mimi na mjukuu.

Leo nimekutana na fundi mwenzangu, ingawa amefariki mwaka 1108. Gundulf, mtawa kutoka Bec huko Normandy, akawa Askofu wa Rochester mwaka 1077. Kitabu cha kanisa hili, Textus Roffensis, kilichokusanywa miaka ya 1120, kinamsifu kuwa mjuzi sana na mtendaji katika kazi ya uashi wa mawe. Si maaskofu wengi walioandikiwa sifa hiyo. Ule Mnara Mweupe wa London, yeye ndiye aliyeusimamia. Kanisa kuu la hapa alilijenga upya. Na kitabu hicho kinasimulia jinsi ngome ya mbao ya Rochester ilivyopata ukuta wa mawe, na ninaapa hakuna hadithi ya vita iliyonigusa kama hii, kwa sababu ni hadithi ya zabuni.

Gundulf alitaka hati ya kijiji kiitwacho Haddenham, kiwe mali ya watawa wake. Lanfranc, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikuwa ameshakitoa, kilichobaki ni muhuri wa mfalme. Rufus akasema sawa, paundi 100. Maaskofu wakasema hawana. Wakaingia wakubwa wawili katikati, wakapendekeza: huyu askofu anajua uashi, na ngome yako ya Rochester ni ya mbao na imeshapigwa. Akujengee ya mawe kwa gharama yake, nawe umpe hati.

Gundulf hakurukia. Alisitasita, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Alisema nikiishajenga, siku ukuta ukipasuka, mwaka huu au miaka hamsini ijayo, mfalme atasema kanisa ndilo lililojenga, kanisa ndilo litengeneze, na mzigo huo hautatuliwa kamwe. Nani asiyemjua mteja huyo? Umemjengea choo, miaka saba baadaye bomba limeziba, anakupigia simu saa tano usiku. Wakamwambia kazi yenyewe haizidi paundi 40. Wakakubaliana ajenge mara moja tu, akishamaliza amekwisha, asidaiwe ukarabati. Akajenga.

Ilimgharimu paundi 60.

Nilimwambia mjukuu: hapo sasa naamini kila neno la kitabu hicho. Mtu akitunga uongo angesema iliisha kwa arobaini.

Ukuta wake ungalipo, upande wa mto, umekalia msingi wa Warumi. Tulitembea chini yake. Sio kazi ya kujionyesha. Mawe ya ukubwa wowote, yamewekwa upesi, chokaa nyingi, maana chokaa hulipia mapungufu ya jiwe ambalo halikuchongwa. Sehemu zilizotengenezwa baadaye unazitambua kwa rangi. Kwa miaka ile hii ilikuwa miongoni mwa ngome za mwanzo nchini kuzungushiwa ukuta wa mawe, wenzake wengi walikuwa bado wanabadilisha magogo yaliyooza kila baada ya mvua kadhaa. Nguzo ya mti ikisimama ardhini huoza pale pale ardhi na hewa zinapokutana, si chini wala si juu. Mikoko yetu inavumilia kidogo zaidi.

Kwenye kanisa kuu, hatua chache tu kutoka handaki la ngome, tuliketi nikapumzisha mguu. Askofu na mfalme walikuwa majirani wa ua kwa ua.

Alhamisi, mnarani

Leo ndiyo leo. Mpwa kaomba ruhusa kazini.

Mwaka 1127 Mfalme Henry wa Kwanza, ndugu yake Rufus, alimkabidhi ulinzi wa ngome hii Askofu Mkuu wa Canterbury, William de Corbeil, yeye na watakaomfuata daima, na kumruhusu ajenge mnara ndani yake. Hapo ndipo lilipozaliwa jengo nililoliona dirishani. Mjukuu alikuwa sawa na "yaani" zake zote: ngome ya mfalme, mnara wa askofu mkuu, kiwanja cha askofu wa mji.

Ukiwa chini yake shingo inauma. Mita 34 mpaka ukingo wa ukuta, halafu minara ya pembeni inapanda zaidi. Kila upande mita 21 hivi. Kuta za chini zina unene wa karibu mita tatu na sentimita sabini. Nililala kifudifudi kwenye tundu la dirisha kupima kwa mwili wangu, miguu ikabaki ndani, kichwa hakijafika nje. Mlinzi akakohoa.

Mawe mengi ni ya hapa hapa Kent, magumu, ya kijivu, hayapendi kuchongwa. Kwa hiyo kwenye pembe, milango na madirisha, panapotaka mstari ulionyooka, walitumia jiwe la Caen, laini, la rangi ya maziwa, lililovushwa bahari kutoka Normandy kwa merikebu. Yaani miaka sitini baada ya kuvuka wenyewe, walikuwa bado wanavusha mawe. Nimelifikiria sana hilo. Pangani niliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wa mti kutoka ng'ambo ilhali miti ipo nyuma ya nyumba. Mtu hutaka mlango wa kwao.

Huingii chini. Mlango uko ghorofa ya kwanza, unafikiwa kwa ngazi ya nje inayozunguka kona halafu unapita kijumba cha mbele kilichokuwa na daraja la kuinua. Adui akifika mlangoni amechoka na ameonekana kutoka juu njia nzima. Ndani leo ni hewa tupu: sakafu za mbao zilishaondoka, unasimama unaona njiwa mpaka mbinguni. Lakini mashimo ya boriti yapo, mstari juu ya mstari, na kwa mwashi hayo ni maandishi. Hapa sakafu. Hapa sakafu nyingine. Mstari huu wa mshazari ukutani, hapa liliegemea paa, na paa lilishushwa ndani chini ya ukingo ili mishale ya moto isilifikie. Yale matundu madogo ya mraba yaliyotawanyika nje na ndani ni ya majukwaa: ulikuwa unaacha tundu, unachomeka mti, unasimama juu yake, unajenga, unapanda. Tunafanya hivyo hivyo, tofauti sisi tunaziba.

Katikati kuna ukuta unaoligawa jengo mara mbili kuanzia chini hadi juu, na ndani ya ukuta huo, maji! Kisima. Shimo lake limeachwa ndani ya ukuta, linapanda ghorofa hadi ghorofa, kila ghorofa ina kidirisha cha kuvutia ndoo. Nilisimama pale mpaka mpwa akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Fikiria kazi ya kupandisha shimo la duara ndani ya ukuta kwa kimo chote hicho bila kulipoteza timazi. Chini chumba cha akiba, juu watu wa ulinzi, juu zaidi ukumbi wa mwenye nyumba. Huko kwenye ukumbi ukuta wa kati umefunguliwa kwa matao mapana, nguzo za duara, na nakshi za meno meno kama ukindu uliosukwa. Juu ya matao, ndani ya unene wa ukuta wa nje, kuna roshani inayozunguka. Vyoo vimo ukutani. Meko yamo ukutani. Kwenye kijumba cha mbele, juu, chumba cha sala.

Tulipanda ngazi ya kuzunguka hadi kileleni, mimi nikitanguliza mguu mzima kila kidato. Kutoka pale unaona mto, daraja, kanisa kuu liko chini yako kama la kuchezea. Askofu wa mji alikuwa akitazama juu, askofu mkuu chini. Sijui kama walisalimiana.

Handaki, mbao na kiwanja cha shilingi 17 na peni 4 vilikua mpaka hapa kwa miaka 60 tu.

Ijumaa, pembe ya nne

Baada ya sala ya Ijumaa nilirudi peke yangu na mjukuu. Deni la Jumamosi lilikuwa bado.

Mwaka 1215 Mfalme John aligombana na mabaroni wake, wakubwa wenye ardhi, nao wakaingia hapa chini ya William d'Aubigny. John akaja Oktoba. Tarehe 14 aliandikia Canterbury wafue sululu usiku na mchana na kumletea. Nikamwambia mjukuu, umeona? Turudi Hastings. Ngome ilianza kwa sululu, na sululu zimeifuata. Mitambo ya kurushia mawe ilipiga wiki kadhaa, ule unene nilioupima jana haukujali. Ndipo wachimbaji wakaingia chini ya pembe ya kusini mashariki, wakatoa jiwe, wakaweka nguzo za mti kushikilia mzigo, jiwe, nguzo, jiwe, nguzo, mpaka pembe nzima ikawa imesimama juu ya mbao.

Tarehe 25 Novemba mfalme akaandika barua nyingine: aletewe nguruwe 40 wanono, wa aina isiyofaa kuliwa, kwa ajili ya kuwasha moto chini ya mnara.

"Wewe huli nguruwe, babu."

"Na hawa hawakuliwa."

Mafuta yao yalipakwa nguzo, moto ukawashwa, nguzo zikaisha, pembe ikashuka. Na hata hapo waliomo hawakutoka. Walirudi nyuma ya ukuta wa kati, ule wenye kisima, wakapigana kutoka nusu ya pili ya nyumba wakila farasi wao. Njaa ndiyo iliyowatoa, tarehe 30 Novemba.

Katika miaka ya 1220 na 1230, enzi ya Henry wa Tatu, pembe ilijengwa tena, safari hii ya duara. Kona kali ina pande mbili za kuchomolea mawe na upofu mbele yake. Duara haina pa kuanzia. Tulizunguka nje kwenye majani mpaka nikafika mahali panapokutana kazi ya zamani na mpya. Unaona kabisa: mistari ya mawe haikutani, chokaa si ile, fundi si yule. Wala hawakujaribu kuficha. Nikatoa timazi, nikampa mjukuu ashike uzi juu kwa kadiri ya mkono wake, risasi ikaning'inia sambamba na mshono. Upepo wa mtoni ulikuwa unaichezesha. Nikamwambia asitikisike, tungoje itulie.